Fumbo Lisilo na Mtegaji: Mvuto wa Mchezo wa Myst

Katika kitendawili, mtegaji hutega na mteguaji hutegua. Akishindwa, hutoa mji ndipo jawabu lifichuliwe. Mwaka wa 1993, ndugu wawili Wamarekani, Rand na Robyn Miller, walitoa mchezo wa tarakilishi uitwao Myst, ambao haumweki mtegaji mbele ya mteguaji. Mchezaji hujikuta kisiwani peke yake. Haelezwi sheria, hana silaha wala adui wa kupigana naye. Hata hivyo, nakala zaidi ya milioni 6 ziliuzwa. Je, mvuto huo watokana na nini?

Kwanza, mandhari yenyewe ndiyo lugha ya fumbo. Katika Riven, mchezo uliofuata mwaka wa 1997, mna darasa lenye kichezeo cha kuwafunza watoto hesabu. Alama ngeni hutokea, kisha kisanamu cha mtu kinachoning'inia hushuka hatua zilizo sawa na thamani ya alama hiyo. Mchezaji azihesabupo, hujifunza tarakimu zitakazomfaa mbele ya safari. Maana ameipata katika muktadha, kama mtoto apatavyo lugha ya mama. Isitoshe, kisanamu hicho hushushwa kuelekea kinywa cha mnyama wa baharini. Hivyo darasa lilo hilo lafichua ukatili wa mtawala.

Pili, tuzo ni maarifa wala si alama za ushindi. Ajuaye siri ya meko katika maktaba ya Myst, na mahali ulipofichwa ukurasa mmoja mweupe, aweza kuumaliza mchezo kwa dakika chache. Kinachomzuia mchezaji mgeni ni kutojua tu.

Tatu, kufasiri kuna gharama. Sirrus na Achenar, ndugu waliofungwa vitabuni, hushutumiana. Mchezaji hana budi kuvisoma vyumba vyao ili kupima kauli zao. Amwaminiye yeyote kati yao hufungwa mahali pake.

Mchezo huu hauna ukamilifu. Baadhi ya mafumbo yake hutegemea sauti, jambo linalomtatiza asiyesikia. Aidha, aliyekwama hana wa kumpa mji. Pamoja na hayo, mhakiki wa fasihi anayeipuuza michezo ya aina hii kuwa upuzi wa vijana hupitwa na jambo la msingi: humo, dhana ya mandhari, anayoifunza darasani kama kipengele cha fani, huwa ndiyo msimulizi.