Belo halitoi sare: cherehani za nyumbani zinavyojilipa Tunduma

Belo la mitumba likifunguliwa Tunduma, mnunuzi mwenye jicho anaweza kuondoka na shati zuri kwa bei isiyotosha hata kununulia kitambaa kipya. Asichoweza kupata humo ni mashati 30 yanayofanana rangi, kola na urefu wa mikono. Pengo hilo ndilo linaloziweka hai cherehani zilizopo sebuleni na barazani katika mji huu wa mpakani.

Mkoa wa Songwe, uliko mji huu, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao makuu yake yako Vwawa, wilayani Mbozi. Tunduma ndiko fedha zinakozunguka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 219,309 katika halmashauri ya mji huo, kati ya 1,344,687 wa mkoa mzima. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA vyote vinapita hapa, na ukivuka tu mpaka uko Nakonde. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019. Kwa fundi, faida ya kukaa njia panda kama hii ni kitambaa: majora yanayotoka Kariakoo hayako mbali na mlango wake, na wanunuzi wanatoka pande zote mbili za mpaka.

Kushindana na mitumba ana kwa ana hakujawahi kulipa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua, na ushuru wake ukapandishwa kutoka senti 20 hadi senti 40 za dola kwa kilo. Marekani ilipotishia kuzinyima nchi hizo nafuu ya AGOA, yaani kuuza bidhaa kwake bila ushuru, Tanzania ilirudi nyuma. Rwanda iliyoshikilia msimamo ilisimamishiwa nafuu ya mavazi mwaka 2018. Mabelo yakaendelea kuingia, na mafundi wakabaki na kazi ambazo belo haliziwezi.

Ya kwanza ni sare ya shule. Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, lakini sare imebaki mzigo wa mzazi. Mama mwenye watoto watatu na cherehani yake mwenyewe hulipia tetroni, zipu na vifungo tu. Ufundi ni wake. Biashara nyingi huanzia hapo: jirani anaona marinda ya sketi yamenyooka, anamletea kitambaa cha binti yake, na kufikia wiki ya mwisho ya Desemba mlangoni kuna foleni. Katika miinuko ya Mbozi, ambako Juni na Julai baridi ni kali, sweta nazo huwa na msimu wake kwa wenye mashine za kufuma.

Kazi ya pili ni sherehe. Kamati ya harusi huchagua kitenge kimoja, kwaya hutaka magauni mapya kabla ya Pasaka, na vikundi vya akina mama huagiza sare ya Siku ya Wanawake, Machi 8. Mavuno ya kahawa yakishauzwa, harusi nazo huongezeka. Kitenge chenyewe si mali rahisi: ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki umekiweka pamoja na khanga na kikoi kwenye orodha ya bidhaa nyeti, kwa kiwango cha asilimia 50 kikitoka nje ya Jumuiya. Zambia haimo katika Jumuiya hiyo, kwa hiyo anayevusha jora kutoka Nakonde huweza kukutana na hesabu hiyo forodhani, au hushawishika kutumia njia za panya.

Kubaki nyumbani nako ni uamuzi wa kibiashara. Fremu hudai kodi hata mwezi usio na oda, ilhali cherehani ya miguu haidai kodi wala umeme. Udhaifu wake uko kwenye umaliziaji. Asiye na ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, hubeba vipande vyake hadi kwa mwenye nayo na kulipia kazi hiyo, hivyo mashine moja huhudumia mafundi kadhaa wa mtaa.

Vipande vinavyobaki navyo ni mtaji. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, mifuko ya kitambaa ilipata soko jipya, ingawa ile myepesi ya viwandani ndiyo iliyolishika kwa bei. Mwaka uliofuata zikaja barakoa za UVIKO-19, hasa mpaka ulipogeuka kitovu cha wasiwasi na Zambia ikafunga Nakonde kwa muda mwezi Mei. Barakoa zilipita, lakini pochi, vilemba na hereni za kitenge bado vinauzika, kwa kuwa kitambaa chake kilishalipiwa na mteja wa gauni.

Tatizo kubwa la biashara hii ni mtaji wa msimu. Anayetaka kuhudumia Januari hununua majora Novemba, kabla mzazi hajatoa hata malipo ya awali. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo ulisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kikundi cha mafundi kinachopata fedha hizo Oktoba hununua kitambaa kwa bei ya jumla. Kikizipata Februari, watoto wameshavaa.