Hesabu Kuta, Usihesabu Hatua: Intaneti ya Chumba cha Nyuma (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliufuata mkongo tangu unapotoka baharini, Mombasa na Dar es Salaam, hadi kwenye nguzo ya mtaani, kisha tukaeleza namna intaneti inavyoingia nyumbani na kuishia kwenye ruta. Leo tumo ndani ya nyumba, na malalamiko ya wasomaji yamejaa hapa. Sebuleni filamu inakwenda bila kukwama. Chumba cha nyuma, anakosomea kijana wa kidato cha nne na anakolala bibi anayepigiwa simu ya video na mwanawe aliyeko Muscat, picha inaganda na sauti inakatika. Mwisho bibi hubebewa kiti ukumbini ili aonane na mwanawe mbele ya wageni.

Ushauri anaopewa mwenye nyumba ni kupandisha kifurushi. Kabla hajatoa hata shilingi, apime. Simama hatua chache tu kutoka kwenye ruta, pima kasi kwa simu, uandike. Kisha nenda chumba cha nyuma na simu ileile, upime tena. Ikiwa kasi ni mbovu kote kuwili, mpigie mtoa huduma, ni kazi yake. Lakini ikiwa karibu na ruta unapata megabiti 20 kwa sekunde na chumbani unapata 2, basi unachokilipia kimefika nyumbani salama na kinapotelea mikononi mwako. Kifurushi cha megabiti 40 kitapotelea hapohapo.

Kinapotelea ukutani. Waifai ni redio, na mawimbi yake hupungua kwa namna mbili ambazo watu huzichanganya. Kwanza ni umbali: kila umbali unapozidi mara mbili mahali peupe, nguvu inayokufikia hubaki robo, yaani hupungua desibeli 6. Pili ni vizuizi. Ukuta mmoja wa tofali za saruji unaweza kula desibeli 10 au zaidi, na desibeli 10 maana yake imebaki sehemu moja tu katika kumi. Kuta mbili za namna hiyo zinaacha moja katika mia, tatu zinaacha moja katika elfu. Kwa hiyo chumba kilicho mita 20 kutoka kwenye ruta, kukiwa na uwazi katikati, kinaweza kupata mtandao mzuri kuliko chumba cha mita 6 kilichojificha nyuma ya kuta tatu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba chumba cha mbali ni kile chenye kuta nyingi, hata kama ni hatua chache tu.

Hakuna mahali jambo hili linaonekana wazi kama katika nyumba za mawe za mwambao. Chukua nyumba ya jadi ya Lamu. Unaingia kwa daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unatokea kiwandani, ua ulio wazi juu. Kutoka hapo vyumba vimepangwa kwa safu, virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: misana, kisha ndani yenye zidaka zake. Wembamba wake umetokana na boriti za mikoko, kwa kuwa dari haliwezi kuwa pana kupita urefu wa boriti. Baina ya safu na safu kuna ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye unene wa karibu nusu mita. Ukuta huo ndio unaoweka ubaridi mchana wa kaskazi, na ndio huohuo unaozima waifai. Tena ukinywa maji, kama kuta za pwani zinavyofanya msimu wa masika, hunyonya mawimbi zaidi kuliko ukiwa mkavu.

Mwenye nyumba akiiacha ruta karibu na daka kwa sababu waya umeingilia hapo, mawimbi yatakutana na kuta hizo moja baada ya moja kabla ya kufika ndani. Akiisogeza ukingoni mwa kiwanda, mahali pakavu palipo juu, ikatazamana na milango ya misana, mawimbi yatapita milangoni. Ubao wa mlango hula kidogo sana ukilinganisha na mawe. Hesabu ya kuta imepungua bila kununua kitu ila mita chache za waya.

Hesabu hiyohiyo inafaa Mbagala au Nyali. Fundi wa faiba hutoboa tundu ukuta ulio karibu na nguzo, akaifunga ruta nyuma ya televisheni, akaenda zake. Hapo iko pembeni kabisa ya nyumba, imezibwa na bamba la chuma la televisheni, na nusu ya mawimbi yake yanakwenda kwa jirani. Mwombe, kabla hajaanza kutoboa, aivute faiba hadi katikati ya nyumba, juu ya usawa wa kichwa. Epuka kabati la kioo, jokofu na simtanki: chuma na mgongo wa kioo hurudisha mawimbi, maji huyanyonya. Antena za fimbo zisimamishwe wima kwa nyumba ya chini, maana hutawanya mawimbi ubavuni, si nchani.

Ruta nyingi za sasa zina masafa mawili. Ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini huchoka upesi ukutani. Ya gigahezi 2.4 ni ya polepole ila hupenya zaidi. Chumba cha nyuma kitumie 2.4. Kwenye maghorofa ambako kila mlango una ruta yake, chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani.

Wapo wanaonunua ruta yenye antena sita ndefu wakidhani nguvu yake itaifikia kila pembe. Wanasahau kwamba simu nayo lazima ijibu, na simu ina antena ndogo na hutuma kwa nguvu ndogo. Ruta ikisikika haina maana kwamba inasikia. Tena simu iliyo pembe dhaifu hushuka hadi mwendo wa chini kabisa na kuishikilia hewa muda mrefu kwa kila kipande cha data, hivyo hata aliyekaa sebuleni hupunguziwa. Kumsaidia bibi ni kuisaidia nyumba nzima.

Kisha kuna ripita, zile za kuchomeka kwenye soketi. Zinasaidia, lakini wengi huzichomeka kwenye chumba chenyewe kibovu. Ripita ni kama mtu wa katikati anayerudia maneno: asiposikia vizuri, atarudia makosa. Iweke njiani, ambapo mawimbi bado yana afya. Programu za bure za simu za Android hupima hali hiyo kwa desibeli, nambari zenye alama ya kutoa: -67 au karibu zaidi na sifuri ni pazuri, -80 ni pabovu. Na ripita ya bei rahisi yenye redio moja haiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja, kwa hiyo kasi hukatika karibu nusu.

Dawa ninayoiamini ni waya. Waya wa mtandao wa Cat5e hubeba gigabiti moja hadi mita 100, na ukuta hauuhusu. Upitishe kwenye fremu ya mlango, pembeni mwa boriti au darini, mbali na nyaya za umeme. Ukuta wa matumbawe usitobolewe ovyo. Dukani kwangua ncha ya uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, iache. Sehemu ya kupita juani itumie waya mweusi wa nje.

Mwisho wa waya, chumba cha nyuma, chomeka ruta yoyote ya zamani iliyolala kabatini. Kwanza ingia kwenye mipangilio yake, uzime kazi ya kugawa anwani ili isigombane na ruta kubwa, na uipe anwani ya IP isiyotumiwa na kifaa kingine. Ipe jina na nywila ileile ya sebuleni, lakini chaneli tofauti. Waya uingie kwenye tundu la LAN, si la WAN. Simu ikiendelea kuing'ang'ania ruta ya mbali, izime waifai na kuiwasha tena.

Ruta hiyo ya pili nayo inataka umeme. Kama umeiwekea ruta kubwa betri ya akiba, tazama volti zilizoandikwa nyuma ya ndogo, nyingi ni 12 au 9, uinunulie ya kwake. Bila hivyo, siku umeme ukikatika sebule itabaki hewani na chumba cha bibi kitarudi kilikokuwa.