Programu ikikata roho, nani atasema ilikuwa wapi?

Septemba 2021 wachunguzi wa Citizen Lab, taasisi ya Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, walitangaza kwamba wamenasa mbinu mpya ya kudukua simu za iPhone bila mwenye simu kubonyeza chochote. Simu waliyoichunguza ilikuwa ya mwanaharakati wa Saudi Arabia. Moja ya vitu vilivyowapa fununu ni kumbukumbu za vifo vya programu. Ndani ya nakala ya simu ile mlikuwa na nakala 27 za faili moja iliyojidai kuwa picha, na kila moja iliiangusha programu ya Apple iitwayo IMTranscoderAgent, kwa namna iliyofanana na waliyokwisha kuiona kwenye simu nyingine iliyoingiliwa na Pegasus. Tarehe 13 mwezi huo Apple walitoa iOS 14.8 kuziba tundu hilo.

Sisi tunaoandika tukiwa mbali na nyumbani, ambao simu ndiyo ofisi, kabati na kinyonge chetu, habari kama hiyo hatuisomi tukapita. Tukajiuliza: programu iliyokwisha kufa hutoaje ushahidi? iPhone ina taratibu zake. Hapa tutaitazama Linux, kwa sababu msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na kwa sababu ndiyo iliyolala chini ya Android, simu ambazo wasomaji wetu wengi, wa nyumbani na wa ughaibuni, wanazo mfukoni.

Tuanze na mambo ya msingi. Programu imegawanywa katika vipande viitwavyo funksheni, na kipande kimoja hukituma kingine. Mama anamtuma Asha sokoni, Asha anamtuma kaka yake akamletee kapu, kaka anakwenda kuliazima kwa jirani. Kila anayetumwa hupewa kikaratasi: ukimaliza, rudi hapa. Vikaratasi hupangwa kimoja juu ya kingine katika sehemu ya kumbukumbu iitwayo staki. Kwenye prosesa za x86-64, zilizomo katika kompyuta nyingi za mezani, kikaratasi ni anwani ya baiti 8, nayo huonyesha amri inayofuata ile iliyotuma. Anayetaka kujua nani alimtuma nani huokota vikaratasi kimoja kimoja kuanzia juu. Kazi hiyo ndiyo kufumua staki.

Tabu ni kwamba vikaratasi havikai kwa nafasi sawa. Kati ya kimoja na kingine kila funksheni huweka mizigo yake, mingi au michache. Kwa hiyo kompaila huacha ndani ya programu jedwali, kwa muundo uitwao DWARF, linaloeleza kwa kila amri kikaratasi kiko umbali gani. Ukiwa na jedwali unafika nyumbani kwa mama. Bila jedwali unapapasa gizani.

Sasa ije ishara. Programu ikigusa kumbukumbu isiyo yake, kerneli, yaani moyo wa mfumo, huisimamisha hapo hapo na kuipelekea ishara ya SIGSEGV. Kama mwandishi wa programu aliandaa funksheni ya kupokea ishara hiyo, kerneli hurukia humo. Lakini tazama kilichotokea: mpokeaji huyu hakutumwa na mtu yeyote ndani ya programu. Ni kama Asha yuko njiani, mguu mmoja juu, mara mjumbe amshike bega na kumpeleka ofisini. Hakuna aliyemwandikia kikaratasi, wala hakupata muda wa kutua mzigo.

Mjumbe, tumpe haki yake, ni mtu makini. Kabla ya kumwondoa Asha huandika kila kitu: mkononi ana nini, mguu upi uko juu, amefika jiwe gani. Kerneli nayo humwaga rejista zote za prosesa juu ya staki. Kisha huweka kikaratasi cha kumrudisha mpokeaji kwenye kijipande cha msimbo ambacho kwenye maktaba ya glibc huitwa __restore_rt. Kazi yake ni moja tu: kuiomba kerneli irudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Kwenye x86-64 kina amri mbili, jumla baiti tisa.

Baiti tisa hizo zina umuhimu kuliko ukubwa wake. Programu ya uchunguzi ya GDB inapofumua staki na kufika hapo, na jedwali halipo, hutazama kama baiti zilizo mbele yake ni zile zile. Zikiwa ndizo, inajua imefika kwenye mpaka: kuanzia hapa isitafute kikaratasi cha kawaida, isome orodha ya mjumbe. Maktaba ya GCC nayo ina ukaguzi wa namna hiyo hiyo. Na katika upande wa x86 ya zamani ya biti 32, kerneli ya Linux huendelea kuandika juu ya staki kijipande cha msimbo ambacho hakitumiki tena. Wenyewe wameeleza humo kwamba kimeachwa kwa ajili ya historia na ili GDB ikitumie kama alama. Tulicheka kidogo. Ni kama kibao cha duka lililofungwa ambacho hakiondolewi kwa sababu kijiji kizima hukitumia kuelekezana njia.

Ila palipotushika zaidi ni kwenye namba moja.

Tumesema kikaratasi cha kawaida huonyesha amri inayofuata ile iliyotuma. Mfumuaji anayetaka kujua aliyetuma hupunguza moja, ili atue ndani ya amri yenyewe. Ni desturi nzuri, na karibu mara zote ni sahihi. Lakini anwani iliyoandikwa na mjumbe si ya hatua inayofuata, ni ya hatua ile ile Asha alipokamatwa. Hapo kupunguza moja ni kosa. Kama alikamatwa ndiyo kwanza anakanyaga kizingiti cha nyumba, yaani amri ya kwanza ya funksheni, ukirudi nyuma kidogo tu umeingia nyumba ya jirani. Ripoti itaandika jina la funksheni isiyohusika kabisa. Isitoshe, jedwali litakalosomwa ni la jirani, umbali wa vikaratasi utakuwa wa jirani, na njia yote ya kurudi kwa mama itapotea. Fundi atakesha wiki nzima akimhoji asiye na hatia.

Dawa yake ni herufi moja. Katika jedwali la DWARF, kijipande cha kurudishia huwekewa alama ya S, maana yake: hii ni fremu ya ishara, usipunguze. Na kwa kuwa mfumuaji atakuwa amepunguza moja kabla ya kuiona alama hiyo, glibc huanzisha eneo la jedwali baiti moja kabla ya __restore_rt, na huko imetanguliza amri isiyofanya kitu chochote. Yupo mtu aliyekaa akaliwaza hilo, na sidhani alipigiwa makofi.

Kuna mtego mwingine, nao huwanasa hata mafundi wazoefu. Programu nyingi hujaribu kujifumua zenyewe ndani ya mpokea ishara, kwa kuita funksheni ya glibc iitwayo backtrace. Hiyo, inapoitwa kwa mara ya kwanza, huweza kupakia maktaba nyingine na kuomba kumbukumbu kwa malloc. Sasa kama programu ilikamatwa ikiwa ndani ya malloc, kufuli mkononi, malloc ya pili itangoja kufuli ambalo mwenyewe hatarudi kulifungua. Programu haifi wala haisemi, inaning'inia tu. Vile vile staki ikijaa pomoni, mpokeaji hana pa kusimama asipoandaliwa staki ya akiba kwa sigaltstack.

Na uaminifu wa kerneli una bei yake. Erik Bosman na Herbert Bos wa Vrije Universiteit, Amsterdam, walionyesha mwaka 2014 kwamba mshambuliaji aliyefanikiwa kuandika juu ya staki anaweza kughushi orodha ya mjumbe, kisha akaiomba kerneli imrudishie hali ambayo haikuwahi kuwapo. Kerneli hupakia rejista zote kama alivyotaka yeye.

Android imechagua njia ambayo kwa maoni yetu ndiyo ya busara: anayekata roho hatwishwi kazi ya kuandika ripoti. Mpokea ishara huita mchakato mwingine, crash_dump, nao huishika programu iliyosimama, husoma rejista zilizoandikwa wakati wa tukio, hufumua staki kutoka nje na kuandika faili. Faili hilo wameliita jiwe la kaburi, nalo huwekwa kwenye /data/tombstones. Idadi yake ina kikomo, mapya hufuta ya zamani.

Kwa hiyo ndugu msomaji, hasa wewe mwenye sababu ya kudhani simu yako imeguswa, usikimbilie kuifuta na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Ukiifuta, na mawe yale yamekwenda. Kwanza ingia kwenye chaguo za wasanidi programu, chukua ripoti ya hitilafu, ihifadhi mahali pengine nje ya simu, ndipo umtafute anayejua kuisoma.