Ulinzi wa Kompyuta Ziendeshazo Mitambo ya Maji

Maji ya bomba hupitia hatua nyingi kabla ya kumfikia mtumiaji. Huvutwa kwa pampu, huchujwa, hutiwa klorini ili kuua vijidudu, kisha hupandishwa matangini. Zamani mafundi walifungua na kufunga vali kwa mikono. Siku hizi, katika miji mingi, kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo iitwayo kidhibiti. Kipimo kilichomo tangini huarifu kina cha maji. Kidhibiti hulinganisha kina hicho na kile kilichowekwa na fundi, ndipo kikawasha au kuzima pampu.

Faida yake ni kubwa, kwani fundi mmoja aweza kusimamia vituo vingi akiwa mahali pamoja. Lakini njia ipelekayo amri ya fundi yaweza pia kupeleka amri ya mhalifu. Kidhibiti kisicholindwa hakimtambui mtu. Hutambua amri tu.

Mwaka 2000, katika wilaya ya Maroochy, Australia, mtu aliyewahi kuajiriwa na kampuni iliyofunga mitambo ya majitaka alituma amri za uongo kwa redio kwenye vituo vya pampu. Lita zipatazo 800,000 za majitaka zilimwagika katika mito na viwanja. Hapo awali wahandisi walidhani ni hitilafu ya kawaida. Mwaka 2001 mtu huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 2.

Novemba 2023, wavamizi waliingilia kidhibiti cha kituo cha kusukuma maji mjini Aliquippa, Pennsylvania, Marekani. Vidhibiti vya aina hiyo vilitoka kiwandani na neno la siri 1111, na baadhi ya wanunuzi hawakulibadili. Maji ya Aliquippa yalisalimika kwa kuwa kengele ya hatari ililia, na mafundi wakaendesha pampu kwa mikono.

Basi mafunzo yanayohitajika si ya wataalamu pekee. Kila mfanyakazi afundishwe kubadili neno la siri, kutounganisha kidhibiti na intaneti pasipo lazima, kufuta ruhusa ya aliyeacha kazi, na kuendesha mtambo bila kompyuta.

Je, sheria yatosha? Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 huzitaka mamlaka zinazohudumia watu zaidi ya 3,300 kupima hatari zake, pamoja na zile za kompyuta, na kurudia kila baada ya miaka 5. Machi 2023 serikali iliagiza ulinzi huo ukaguliwe pamoja na usafi wa maji. Baadhi ya majimbo yalipinga mahakamani, na Oktoba mwaka huohuo agizo likaondolewa. Mzozo huo waonyesha ugumu wenyewe: miji midogo haina fedha wala wataalamu, ilhali wakazi wake hunywa maji kama wengine.

Walimu waweza kuwaagiza wanafunzi wachore tangi, kipimo, kidhibiti na pampu, kisha waulizane: kipimo kikitoa habari ya uongo, nani atagundua, na kwa njia gani?