Hati Isafiri na Herufi Zake

Wahenga walinena kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani, na ukweli wa neno hilo humdhihirikia kila aliyepata kulala ugenini: kwake mtu ana kitanda chake, chungu chake na majirani wamjuao yeye na baba yake, walakini akishavuka mto wa kwanza hana ila alichokibeba mwenyewe, na katika mengine yote hutegemea hisani ya mwenyeji. Neno hilo lilinenwa juu ya wanadamu. Mimi nimeliona likitimia juu ya karatasi.

Ilikuwa Sandoa, katika chumba kidogo cha mmoja wa makarani waandikiao watu kwa malipo, mojawapo ya vile vyumba ambavyo Kongo huitwa kwa Kifaransa secrétariat public, penye meza, kompyuta moja, printa moja na benchi la kungojea zamu. Kijana mmoja, fundi wa umeme, alikuwa akiandikiwa barua ya kuomba kazi ya migodini, na karani, mtu mwenye vidole vyepesi na adabu ya kazi yake, alimpangia yote katika ukurasa mmoja: anwani, salamu, maombi, kisha jedwali la masomo yake, ambalo mstari wake wa mwisho ulitaja diploma ya serikali pamoja na asilimia alizopata katika mtihani, na chini kabisa pakaachwa mahali pa sahihi. Kutoka Sandoa hadi Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba tangu mkoa huo ulipozaliwa mwaka 2015 kwa kugawanywa Katanga ya zamani, ni zaidi ya kilomita 300, na majira ya mvua njia hiyo humchosha hata dereva mzoefu. Kwa hiyo kijana hakuibeba barua mkononi, bali alilituma faili la Word kwa simu kwa ndugu yake aliyeko huko, ili aligeuze kuwa PDF na kulikabidhi panapohusika.

Siku chache baadaye nilionyeshwa nakala iliyofika. Barua ya ukurasa mmoja ilikuwa ya kurasa mbili. Mahali pa sahihi palikuwa peke yake juu ya ukurasa wa pili, pasipo neno lolote la kutilia sahihi. Vitone vya orodha vilikuwa vimegeuka viboksi vitupu, na ule mstari wa diploma ulikuwa umekatwa katikati, hata zile asilimia, ambazo kijana alizipata kwa miaka ya kusoma, hazikusomeka. Karani hakuwa ameandika neno baya hata moja, wala ndugu hakufuta kitu. Barua ilikuwa imesafiri bila masurufu, ikafika maskini.

Ili tufahamu jambo hili lilivyotokea, inafaa turejee kwanza kwenye mashine ya chapa ya zamani. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Lubumbashi, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji huo kama watumishi wa nyumbani walivyoijua, nayo ikapigwa chapa kwa mashine. Na mwanazuoni Johannes Fabian alipoitoa katika kitabu mwaka 1990, palikuwa na kazi kubwa ya kuisoma tahajia yake na kupambanua neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Lakini shaka moja haikuwepo: kila herufi ilikuwa pale pale nyundo ya mashine ilipoigonga. Karatasi ya mashine ya chapa hubeba wino wake, nafasi zake na hata makosa yake, na yeyote aifunguaye, popote alipo, huona kile kile alichokiona mwandishi.

Faili la kompyuta haliko hivyo. Tunapolitazama kwenye kioo tunadhani tunaona karatasi, ilhali ndani yake hamna karatasi, bali mna maagizo: andika maneno haya, kwa fonti hii, kwa ukubwa huu, uache nafasi hii. Fonti, ambayo Kifaransa huiita police, ni mkusanyiko wa maumbo ya herufi, kila moja na upana wake, na kwa kawaida maumbo hayo hayamo ndani ya faili. Yamo ndani ya kompyuta. Faili likifika mahali ambapo fonti iliyotajwa haipo, kompyuta ya huko haikatai kazi wala haimwambii mtu. Huchukua fonti nyingine iliyo karibu na kuendelea, kama mwenyeji mwema ampaye mgeni kanzu ya mtu mwingine.

Hapo ndipo maneno yanapohama. Calibri, ambayo Word iliitumia kama fonti yake ya kawaida tangu toleo la mwaka 2007, ni nyembamba kuliko Arial, na kompyuta nyingi zisizo na Word, pamoja na simu nyingi, hazinayo. Tuseme ukurasa una mistari 40, na kila mstari una maneno 12. Ikiwa upana wa fonti mpya unasukuma neno moja tu nje ya kila mstari, chini ya ukurasa kutakuwa na maneno 40 yasiyo na pa kukaa, yaani mistari 3 na zaidi, na mistari hiyo mitatu yatosha kuitupa sahihi kwenye ukurasa wa pili. Na ikiwa fonti ya ugenini haina kabisa umbo linalotakiwa, kama kile kitone cha orodha au herufi ɛ na ɔ ziandikwazo katika Kilingala, mahali pake huonekana kiboksi kitupu, au hakionekani kitu wala kivuli chake.

PDF ilibuniwa kwa ajili ya msiba huu hasa. John Warnock, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Adobe ya Marekani, aliieleza fikira yake mwaka 1991 katika mradi alioupa jina la Camelot, na mwaka 1993 programu ya kwanza ikatolewa. Mwaka 2008 PDF ikawa kipimo cha kimataifa kisichomilikiwa na kampuni moja. Fikira yenyewe ni nyepesi kuifahamu: badala ya kutoa maagizo na kumwachia mwenyeji ayatimize kwa alicho nacho, faili hutaja kila herufi na mahali pake hasa juu ya ukurasa, na huweza kubeba ndani yake maumbo ya herufi zilizotumika. Kwa maneno mengine, PDF iliyotengenezwa vema huurudishia ulimwengu uaminifu wa ile mashine ya chapa.

Basi kosa la barua yetu halikuwa katika PDF. Lilikuwa katika mahali ilipotengenezwa. Kugeuza hati kuwa PDF ni kama kuifunga mizigo, na mizigo hufungwa nyumbani, si mwisho wa safari. Aliyeandika hati ndiye aigeuze, kwenye kompyuta ile ile aliyoiandikia, kwa sababu hapo ndipo fonti zilipo. Wengi hutuma faili la Word kwa kudhani kwamba PDF ni kazi ya mchapaji wa mwisho. Na dhana hiyo moja, kwa kadiri nilivyoona, ndiyo mama wa nusu ya malalamiko yote.

Ikiwa hapana budi faili la Word lisafiri, kwa kuwa mtu wa upande wa pili atalisahihisha, njia mbili zafaa. Ya kwanza ni kuliamuru libebe fonti zake: katika Word ya Kifaransa, ambayo ndiyo iliyoenea Lualaba, mtu hufungua Fichier, kisha Options, kisha Enregistrement, na kuweka alama penye maneno Incorporer les polices dans le fichier. Faili litakuwa zito kidogo, na ziko fonti ambazo wenyewe wamezifunga kisheria zisibebwe, lakini zile za kawaida huitika. Njia ya pili ni ya kuwafaa watumiao LibreOffice, programu ya bure: ziko fonti zilizochongwa makusudi kwa vipimo vya zile maarufu, herufi kwa herufi, hata mstari usiongezeke wala usipungue: Carlito hushika nafasi ya Calibri, Liberation Sans ile ya Arial, na Liberation Serif ile ya Times New Roman. Karani aliyeziweka hizo tatu katika kompyuta yake amejiepusha na shari nyingi.

Zaidi ya fonti, yako makosa ya mpangilio ambayo hulala kimya nyumbani na kuamka ugenini. La kwanza ni kupanga maneno kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara kumi au ishirini, ili anwani iende kulia au ili namba zisimame wima. Nafasi nazo zina upana wake, na fonti ikibadilika, jengo lote huyumba. Palipo na safu, itengenezwe jedwali, na palipo na mwisho wa ukurasa, iwekwe alama ya kukata ukurasa, si mistari mitupu iliyorundikwa. La pili ni lile lililoikata diploma ya kijana wetu: mstari wa jedwali uliofungwa kwa urefu kamili, ambao maneno yakizidi haunyumbuki, bali huyaficha chini ya mpaka wake. Katika mali za jedwali uchaguliwe urefu wa Au moins, yaani usiopungua kipimo fulani, nao mstari utakua kadiri ya maneno yake.

La tatu ni kipimo cha karatasi. Afrika yetu, kama sehemu kubwa ya dunia, hutumia A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Lakini programu iliyowekwa kwa desturi ya Marekani hupanga kwa karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279. Tofauti yake kwa urefu ni milimita 18, na milimita 18 ni mistari mitatu au minne ya maandishi, ambayo ama itakatwa chini ama itahamia kwingine. Kipimo hiki kiangaliwe katika programu na katika printa pia, kabla ya herufi ya kwanza kuandikwa. La nne ni masahihisho yaliyoonyeshwa kwa rangi na maoni ya pembeni: yakiachwa wakati wa kugeuza, ukurasa hupunguzwa ili yapate nafasi, na maneno yote huonekana yamesogea upande mmoja; sharti masahihisho hayo yakubaliwe au yakataliwe kwanza, na maoni yafutwe.

Na iko hitilafu ya tano iwahuzunishayo wengi: fomu ya PDF iliyojazwa kwa simu, ambayo mwenyewe huiona imejaa na mpokeaji huiona tupu. Sababu yake ni kwamba programu nyingine huhifadhi majibu kama habari tu, bila kuyachora juu ya ukurasa, na programu ya upande wa pili isipojua kuyachora, huonyesha nafasi tupu. Dawa yake ni kuichapa ile fomu iliyojazwa iwe PDF mpya, yaani kuchagua kuchapa, lakini badala ya printa kuchagua kuhifadhi kama PDF. Hapo majibu huwa sehemu ya ukurasa, wala hayaondoki tena.

Hati zinazotakiwa kudumu, kama mikataba, shahada na kumbukumbu za mikutano ya vijiji na makampuni, zastahili hifadhi iliyo imara zaidi. Tangu mwaka 2005 iko namna ya PDF iitwayo PDF/A, iliyowekwa kwa ajili ya makavazi, na sharti lake mojawapo ni kwamba kila fonti iliyotumika iwemo ndani ya faili. Word na LibreOffice zote mbili huweza kuitoa, kwa kuweka alama moja tu wakati wa kugeuza. Katika nchi ambamo Kanuni ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni iandikiane na jamii ahadi zake za maendeleo, na kutenga kwa jamii hizo angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake, namba moja iliyomezwa na mpaka wa jedwali si jambo dogo. Yaweza kuwa kisima au darasa la watoto.

Yabaki kuhakiki, na kuhakiki hakuna gharama. Faili la PDF likishatengenezwa, lisomwe lote kwa macho, ukurasa kwa ukurasa, likilinganishwa na la asili. Kisha, kwa programu ya Adobe, zifunguliwe mali za hati penye orodha ya fonti, na kila jina la fonti liangaliwe kama limetajwa kuwa limebebwa ndani. Na mwisho litumwe kwenye simu ya mtu mwingine aliye karibu, lifunguliwe hapo. Kwa maana simu ya jirani ndiyo ugeni wa karibu kuliko wote, na likisimama wima hapo, yakini litasimama na Kolwezi.

Karani wa Sandoa alifanya hayo yote kwa barua ile ile. Aliufungua mstari wa diploma, akaondoa nafasi zilizorundikwa, akaigeuza PDF mwenyewe, akaisoma kwenye simu ya mteja aliyekaa benchini, ndipo akaituma; nayo ikafika ukurasa mmoja, asilimia zake zikisomeka na sahihi ikiwa mahali pake. Nawasihi makarani wenzake wa Lualaba, na kila amwandikiaye mwenziwe waraka, wasiuache utoke mikononi mwao kabla ya kufanya vivyo hivyo: aliyelipa kuandikiwa amewakabidhi amana, na amana hiyo haijatimizwa mpaka hati ifike kama ilivyoondoka.