Sheria Huingia kwa Mlango Gani?

Mtu atokaye Kariakoo akapita pande za Posta hulikuta Jumba la Karimjee. Humo Bunge letu lilikutana miaka mingi kabla ya kuhamia Dodoma, na Bunge hilo ndilo lililopitisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

Twaitaja sheria hiyo kwa kuwa imeingia majumbani mwetu. Mara nyingi watu hutujia madrasani na shauri la talaka, wakashangaa kusikia kwamba kwa kawaida korti hailipokei mpaka lipite kwanza katika baraza la usuluhishi la ndoa. Huuliza: "Ni nani aliyetutaka shauri?"

Jawabu ni kwamba wananchi walitakwa shauri. Mwaka 1969 Serikali ilitoa mapendekezo yake kwa waraka, watu wayatolee maoni. Aliyenyamaza wakati ule aliwaachia wengine wamsemee.

Basi yatupasa kujua njia yenyewe. Bunge lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Wabunge wengi huchaguliwa majimboni. Wako pia wanawake wa viti maalumu, watano watokao Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Mwanasheria Mkuu, na wasiozidi kumi wateuliwao na Rais.

Muswada hutangazwa kwanza katika Gazeti la Serikali. Husomwa Bungeni mara ya kwanza bila ya mjadala, kisha hupelekwa katika kamati. Kamati yaweza kuwaita wananchi na kupokea maoni yao, na huo ndio mlango wetu. Husomwa mara ya pili, Wabunge wakaujadili; kisha Bunge zima hukaa kama kamati, likapitia kifungu kwa kifungu. Mara ya tatu hupitishwa. Hata hivyo hauwi sheria mpaka Rais aukubali. Akikataa, huurudisha pamoja na sababu zake.

Wala sheria si jiwe. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya umri wa kuoa katika sheria hiyo hiyo vyapingana na Katiba. Kuvirekebisha ni kazi ya Bunge, na muswada wowote wa namna hiyo hupita njia ile ile.

Dini yetu imetufundisha kushauriana. Enyi vijana mjuao kusoma, wasomeeni wazee miswada ingali katika kamati, wapate kusema mapema. Kulalamika mbele ya kadhi au hakimu, sheria imekwisha pita, ni kuchelewa.

Wabillahi tawfiq.