Sifuri Yenye Alama ya Kutoa

Mapema Mei 2000 Marekani iliacha kupotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Siku moja baadaye, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, jimboni Oregon, akatangaza viwianishi vyake: N 45° 17.460, W 122° 24.800. Ndivyo ulivyoanza mchezo wa kutafuta makasha yaliyofichwa, na mpaka leo wachezaji huandika viwianishi kwa mtindo huohuo wa digrii na dakika zenye desimali.

Ramani za kompyuta zinapenda digrii tupu. Kwa hiyo karibu kila mchezaji anayejua kuandika programu huishia kujiandikia kigeuzi, na hesabu yenyewe ni ya darasani: gawa dakika kwa 60, jumlisha na digrii. Dakika 17.460 zinakuwa 0.291, na latitudo ya Ulmer inakuwa 45.291. Mistari mitatu ya msimbo, kazi imekwisha. Imekwisha kwa latitudo ya Oregon, kaskazini kabisa. Huku kwetu Afrika Mashariki ikweta imepita katikati, na kigeuzi hichohicho kinaanza vituko.

Chukua Dar es Salaam, S 6° 48'. Programu inasoma kusini kuwa ni hasi, inaweka −6, kisha inajumlisha 0.8. Jibu: −5.2. Ukiifuata hiyo kwa longitudo ya Dar utajikuta baharini, kati ya Tanga na Pemba. Kosa hili angalau linajianika lenyewe. Hakuna anayeficha kasha kwenye mkondo wa Pemba.

Kisumu ni hatari zaidi. Kasha likiwa S 0° 06.000, E 34° 45.000, jibu sahihi ni −0.1. Mwandishi aliyekwisha kuumwa na kosa la Dar huweka ulinzi: digrii zikiwa chini ya sifuri, toa dakika badala ya kujumlisha. Lakini digrii hapa ni −0, na kompyuta ikiisoma kama namba kamili inabaki 0. Hata ukitumia namba ya desimali, ambayo huweza kuibeba −0.0, bado ukiuliza kama iko chini ya sifuri utajibiwa hapana. Ulinzi haufanyi kazi, jibu linatoka 0.1, na mchezaji anapelekwa Vihiga, kilomita 22 hivi kaskazini. Vihiga ni nchi kavu, ina barabara na vichaka vya kutosha kuficha kasha, kwa hiyo mtu anaweza kupekua nusu siku bila kushuku programu.

Dawa ni kutenganisha upande na ukubwa tangu mwanzo wa kusoma. Ichukue herufi (N, S, E, W) au alama ya kutoa ikiwa bado ni maandishi, iweke pembeni. Fanya hesabu yote kwa namba chanya. Mwishoni ndipo uzidishe kwa −1 inapostahili. Kuweka ulinzi juu ya ulinzi ni kujitafutia kazi.

Mpangilio nao una mitego yake. Ramani nyingi hutaka latitudo kwanza, lakini mafaili ya GeoJSON huanza na longitudo. Geuza viwianishi vya Dar kimakosa na alama itadondoka Uhispania, karibu na mpaka wa Ureno.

Kurudi kutoka digrii kwenda dakika kuna kero nyingine. Elfu moja ya dakika ya latitudo ni takriban mita 1.85, kwa hiyo desimali tatu zinatosha. Simu yenyewe hukosea kwa mita kadhaa. Ila ukikadiria dakika peke yake, −6.999995 itachapishwa S 6° 60.000, kitu ambacho programu nyingine itakataa kukisoma. Zidisha digrii chanya kwa 60,000, kadiria kuwa namba kamili, upate 420,000, kisha gawanya upya: S 7° 00.000.